Dorothée Aliyekataa Kuchanjwa

Kilichonichukiza zaidi si mganga. Mbonigaba alijulikana kuwa mwongo tangu zamani, na mwongo hufanya kazi yake. Kilichonichukiza ni Wakristo waliopanga mstari mbele yake Jumatatu asubuhi, siku moja tu baada ya kuimba kanisani kwamba Bwana ndiye mlinzi wao.

Ilikuwa mwaka 1964, kwenye kilima kimoja cha Masisi, habari za vita zikipanda kutoka Walikale. Wachuuzi waliotoka Hombo walisimulia nyumba zilizochomwa. Ndipo Mbonigaba akafika na debe la maji ya kijani yenye harufu ya ngozi iliyooza, na wembe mmoja. Wembe mmoja kwa watu arobaini na watatu! Alimchanja mtu kifuani, akampaka maji yale, akapangusa wembe kwenye suruali yake chafu, akaita mwingine. Risasi itateleza, alisema, mradi aliyechanjwa asiguse maji ya kuoga mpaka hatari ipite. Tena asibaki kilimani hata mtu mzima mmoja bila chale (sisi watoto hatukuhesabiwa), maana huyo mmoja angeharibu dawa ya wote.

Aliyebaki ni Dorothée, mjane wa miaka hamsini hivi, mkulima wa maharagwe. Shemeji yake Grégoire alikuwa akilitamani shamba lake tangu siku ya mazishi ya mume wake. Sasa alipata sababu. Akaja uani kwake pamoja na Papa Léonard, mzee wa kanisa.

"Shemeki, kilima muzima kinakungojea weye," Grégoire akasema.

"Kingojee. Miye nilishabatizwa. Maji yangu njo ile."

"Ile iko ya roho, Mama," Papa Léonard akaingilia. "Hii iko ya risasi."

Dorothée akamtazama kifuani. "Na weye Papa Léonard, leo unafunga vifungo mpaka kwa shingo, na hii jua?"

Mzee akakohoa, akageukia migomba.

"Kama unakataa," Grégoire akasema, "nenda Ntoto kwa kaka yako. Shamba tutachunga siye."

"Njo hiyo ulikuja kutafuta! Ungesema tangu mulangoni, ningekupa na kiti."

Akapewa siku kumi za kufunga mizigo.

Sitaki kusema kwamba hakuogopa. Aliogopa sana. Kesho yake alisimama katikati ya maharagwe, jembe mkononi, akazungumza na Mungu kwa sauti, kama mtu anavyoongea na jirani aliye ng'ambo ya ua. "Baba, miye niko peke yangu, na weye unajua. Ukitaka nibaki, unishike. Ukitaka niende, utembee mbele, sababu njia ya Ntoto siijui." Kisha akaendelea kupalilia. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia sauti yoyote. Ila alimaliza mstari wake wa maharagwe, na usiku akalala. Kwake hilo lilikuwa jibu.

Jumapili walimwachia benchi zima peke yake. Watu waliokula naye meza ya Bwana walivuta nguo zao zisimguse.

Siku ya nane, Adelaïde, mke wa Grégoire, akaja mbio. Chale za mume wake zilikuwa zimevimba, zikitoa usaha wenye harufu ya lile debe. Mbonigaba alikwisha kwenda Pinga na mbuzi wa watu, malipo ya chale.

"Mama, siye tulichanjwa, hatuwezi kugusa maji," Adelaïde akasema. "Weye haukuchanjwa. Kuja umuoshe."

Hebu fikiria akili hiyo! Yeye aliyeharibu dawa ndiye pekee aliyefaa kuokoa. Dorothée akachemsha maji, akatia chumvi, akaenda. Alimwosha Grégoire asubuhi na jioni kwa juma zima, naye amegeukia ukuta.

"Usiambie bantu," Grégoire akanong'ona.

"Mungu anaona. Inatosha."

Vita ilipita mbali, haikupanda kilima chetu. Jumapili ya kushukuru, Grégoire akasimama mbele ya kanisa. "Namushukuru Mungu aliyetuletea dawa ya Mbonigaba. Ingawa kuko muntu mumoja alitaka tufe siye bote."

Wakaitikia amina.

Adelaïde akasimama, akamgeukia mume wake. "Papa, funua shati."

"Ikala chini, mwanamuke!"

"Funua, baone usaha wako ulioshwa na nani!"

Grégoire akakaa. Papa Léonard akaanzisha wimbo haraka, akaimba peke yake mpaka ubeti wa pili.

Habari ya Ntoto haikutajwa tena. Dorothée aliendelea kulima pale, na Grégoire alikuwa akipita njia ya bondeni ili wasikutane. Lakini kati ya wale arobaini na watatu, hakuna hata mmoja aliyetubu mbele ya watu. Kila Jumapili waliinua mikono kuomba ulinzi wa Mungu, na makovu yao yamefichwa chini ya mashati meupe.