Kumpelekea Mama Televisheni ya Mkononi

Binti yangu Nyangeta alikuwa Dodoma na kwaya ya shule, na sherehe yao ingerushwa moja kwa moja kwenye televisheni alasiri. Mama yangu, aliyepooza miguu, yuko kitandani Butiama. Alitaka amwone mjukuu akiimba saa ileile, siyo kusimuliwa baadaye. Jirani yake ana televisheni na ungo, lakini waya haufiki kwa mama, na mama mwenyewe kakataa kupelekwa. "Sibebwi mimi kama gunia la mihogo!" Basi nikafunika cherehani yangu hapa mtaani Nyasho, Musoma, nikaondoka.

Asubuhi, Musoma mjini. Simu yangu ikifika kwa mama inakwamaga, kwa hiyo nilipita maduka ya simu ya mtaa wa Mukendo kuomba ushauri. Wee! Muuza simu mmoja anasema pakua programu ya kituo cha televisheni, mwingine nunua bando kubwa, wa tatu anaapa kuwa video hazifiki vijijini. Nikampigia shemeji Masatu, fundi simu wa Kabasa kule Bunda.

"Njoo shemeji, ninayo simu ya antena. Inashikaga televisheni bila bando!"

Bunda nilifika kabla ya adhuhuri, nimeipita njia ya Butiama kwa ajili ya antena. Masatu akaivuta ikawa ndefu kuliko simu yenyewe. Chenga. Akatoka nje. Chenga. Akapanda juu ya kreti la soda. Chenga tupu.

"Shemeji," nikamwambia, "si walishazima mitambo ya analojia zamani?"

Akakuna kichwa. "Lakini antena yenyewe nzima!"

Sikujua nicheke au nilie. Akaniwekea programu ya kituo kwenye simu yangu, nikanunua bando, nikageuza.

Njiani kurudi Makutano, njia panda ya Butiama, nikaijaribu. Picha safi, kuliko hata ya televisheni yangu nyumbani! Nikajilaumu kwa kuhangaikia antena. Makutano nikachukua bodaboda, na kadiri tulivyoikaribia nyumba ya mama, mtandao ukawa unapungua. Yaani pale ninapouhitaji ndipo unaponikimbia.

Butiama, alasiri. Mtandao ulikuwa dirishani tu, tukasukuma kitanda mpaka hapo. Simu ikawa inazunguka, inazunguka. Ghafla kwa jirani vikapigwa vigelegele.

"Wameshaimba?" mama akauliza.

"Bado, mama. Hapa mtangazaji bado anaongea."

"Mbona kule wanashangilia?"

Kule moja kwa moja, hapa moja kwa moja, na picha hazilingani. Nikadhani tumemkosa.

Mara Nyangeta akatokea, kwenye sare, mdomo wazi. Akaganda hapohapo. Sauti kimya. Nikaanza kubonyeza huku na huku, mama akanidaka mkono.

"Acha! Usiguse. Mtoto huyu hajawahi kutulia nikamtazama."

Akamtazama mpaka bando likaisha.

Jioni nilirudi Nyasho. Wateja wananiuliza kama televisheni ya simu itafika vijijini. Nawaambia itafika, minara ikiongezeka na bando likishuka bei, na watu wakiacha kununua antena za enzi zile. Hayo ndiyo niliyojifunza. Kinachonichanganya ni mama. Naambiwa kila mgeni anayeingia kwake anasimuliwa jinsi mjukuu wake alivyoimba vizuri, na mama anamwimbia wimbo wenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa pale pale kitandani. Sikusikia hata neno.