Chai ya Chambre Saba

"Baba mukubwa, wewe hauogopi ule mufu wa chambre saba?"

Nilikuwa mutoto wa première primaire wakati nilimuuliza baba mukubwa Edmond vile. Alikuwa anapiga pasi mashuka ya hoteli. Akapuliza makala, akasema: "Sogea, utaungua." Ni ile tu.

Edmond ni ndugu mukubwa wa baba yangu Maliro. Alitumikaka mu vyumba vya ile hoteli ya Beni tangu wakati ya Babeleji, wazungu bakikuja kuangalia theluji ya Ruwenzori. Madame mumoja alikufia mu chambre saba, chumba cha ghorofa, juu ya homa. Kiisha Indépendance wazungu bakaenda, mais kengele ya saba, ile yenye waya inashuka mpaka jikoni, ikabakia kulia. Mara moja, basi. Kwetu batu banajua: mufu anaita mara moja. Ukisikia jina yako mara moja, unanyamaza. Donc hakuna mutu alipanda kule.

Mu 1964 Basimba, bale baasi, bakaingia Beni, bakakaa mu hoteli. Mukubwa wao akakamata baba, juu alikuwa moniteur, mwalimu wa masomo, na moniteur kwao alikuwa mutu ya serikali. Akamufungia fasi hakuna mutu anajua, akapanda jeep.

"Nikirudi jioni, nitamumaliza ule," alisema.

Edmond alisikia, akiwa anapanguza meza. Akatafuta ndugu yake ku dépôt, ku garage, mpaka ku nyumba ya kuku. Hakuna. Mvua ikaanza. Alirudi jikoni mikono mitupu, na kengele ya saba ikalia.

Bajeunes, vijana ba Basimba bale balibakia ku salon, bakageuka kuangalia ngazi.

"Ni ule Madame?" mumoja akauliza.

Kengele ikalia tena, mara ya pili.

Baba mukubwa akachemusha maji. Akapanga plato: birika, kikombe, sukari, na kisu ya mukate chini ya kitambaa.

Kijana mwenye ngozi ya chui ku kichwa akasimama mbele ya ngazi. "Muzee, unapeleka wapi?"

"Saba. Madame anataka chai."

"Anakunywaka na sukari?"

"Vijiko bili. Kama unapenda kumupelekea wewe, shika."

Benzake bakacheka: "Enda basi, Simba, bibi anakuita."

Kijana akarudi nyuma mpaka ku ukuta. Dawa yao ya vita ilibakataza kugusa kitu ya mufu. "Pita mbali, muzee. Usinigusishe ile kikombe."

Edmond akapanda. Akatia funguo, akasukuma mulango.

Baba alikuwa chini, amefungwa ku muguu ya kitanda, kitambaa mu kinywa, waya ya kengele imezungushwa ku kidole ya muguu mpaka damu. Edmond akatoa kitambaa, akaanza kukata kamba.

"Hoteli gani hii," baba akanong'ona. "Mutu anaita, hamukuji."

Edmond akamuziba kinywa na mukono. Akafunga mashuka ku dirisha. Baba akashuka mu shamba ya kahawa, akashika njia ya Butembo na miguu. Kiisha Edmond akavuta mashuka ndani, akakunywa ile chai yote, ingali moto, akafunga mulango na funguo, akashuka.

"Amekunywa?"

"Yote."

Jioni mukubwa wao akakuta kamba tupu. Bajeunes bakaapa kwamba Madame amemukula, na hata ule mukubwa hakupenda tena kulala mu ile nyumba. Mpaka leo batu ba Beni banasema Madame wa saba alikula moniteur. Ule moniteur ananituma maji kila asubuhi, hapa kwetu Kimemi, mu Butembo.

Mwaka huu, ku Pasaka, Edmond alikuja kututembelea. Niko mu secondaire sasa. Baba alipotoka kusindikiza bageni, nikarudilia kiulizo yangu.

Akaangalia kwanza kama baba yuko mbali.

"Niliogopa, mwana. Ngazi yote niliogopa nitamukuta Madame. Kama ingekuwa ni yeye anaita, basi baba yako amekwisha."