Fomu Niliyoijaza Peke Yangu

Binti yangu alinisumbua wiki tatu kwa ajili ya ile fomu ya safari. "Baba, nipe nikujazie," kila akija kwetu Pickering, pembeni ya Toronto. Nikamwambia nilijaza fomu za nchi hii kabla yeye hajazaliwa, aniache. Akanijibu kwa Kiingereza, ndiyo lugha yake ya hasira, nami nikatoka nje kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ukweli ni huu, na nauandika kwa kuwa sasa hakuna wa kunifukuza kazi. Niliishia darasa la tatu, Tanga. Baba alikufa, nikawekwa kwa fundi wa majokofu. Hapa Toronto miaka arobaini nimetengeneza friji za mabucha, za mahoteli, hata za vyumba vya maiti. Naweka sikio kwenye kompresa nakwambia inaumwa wapi. Kiingereza nakisema. Kusoma, nasoma majina ya barabara na namba za vipuri. Nikipewa fomu nasema nimesahau miwani, mtu wa kaunta ananijazia. Nimepata duka na nyumba kwa miwani ya kusahau, na sikumwomba mtu radhi.

Safari ya barafu niliitaka mwenyewe. Nimeuza baridi maisha yangu yote. Nilitaka kuiona isiyokuwa na mota. Unaruka na ndege kutoka Toronto mpaka Greenland, halafu boti la mpira linakupeleka melini. Msikitini niliaga Ijumaa mbili mfululizo, na Ijumaa ya pili wakatuletea biriani nyumbani. Mtu akishapikiwa biriani ya kuagwa harudi kesho yake.

Basi fomu niliijaza jikoni, mke wangu yuko dukani. Ukurasa wa kwanza daktari wetu alishaujaza na kutia saini. Wa pili ulikuwa wangu: maswali msururu, kila moja na visanduku viwili, Ndiyo na Siyo. Hayo mawili nayajua. Nikawaza, wanauliza kama nina nguvu, kama nitapanda ngazi, kama nitamtii nahodha. Mtu anayetaka kwenda anasema ndiyo. Nikatia vema kwenye Ndiyo toka juu mpaka chini, nikaibandika bahasha kwa gundi, binti asije akachungulia.

Asubuhi ya safari mke wangu alinifunga mkononi kitambaa cha kijani chenye sarafu ndani, kama mama zetu walivyotufunga: ukirudi salama, sarafu inatoka sadaka. Akakaza fundo mpaka vidole vikafa ganzi. "Usikivue mpaka turudi," akasema.

Uwanja wa ndege, msichana wa kampuni ya meli akaifungua bahasha. Akasoma. Akanitazama, akasoma tena. Akapiga simu huku ametupa mgongo. Aliporudi sauti yake ilikuwa laini, ile ya kuwaambia watu msiba.

"Mzee, utasafiri, kwa sababu daktari wako ameandika vizuri. Lakini daktari wa meli atakuona huko kabla hujaingia kwenye boti. Akikataa, utarudi na ndege hii hii."

"Akikataa nini?" mke wangu akauliza.

"Mambo ya kawaida," nikasema mimi, nikamvuta.

Nilijua ni goti. Goti la kulia limeliwa na sakafu za watu, na nilikuwa nimelificha hata kwa mke wangu, au nilidhani hivyo. Saa tano angani nililiwazia hilo goti. Nilienda msalani mara tatu, nikitembea kama askari wa gwaride ili msichana yule, tuliyekuwa naye ndegeni, aone. Chakula sikukigusa. Nilijiona nashuka nyumbani jioni ile ile, begi mkononi, majirani madirishani, na Ijumaa msikitini watu wananiuliza barafu ilikuwaje.

"Mbona unatembea hivyo?" mke wangu akaniuliza huku anatafuna kripsi za mihogo. "Umemeza fimbo?"

"Kula mihogo yako."

"Goti linakuuma. Usiku unalipaka dawa ukidhani nimelala. Nyumba nzima inanuka karafuu, bwana wee."

Nikageukia dirisha. Chini kulikuwa kweupe tayari.

Tuliposhuka, wenzetu wakapanga foleni ya majaketi ya kuokolea. Mimi nikaitwa pembeni. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu, fomu yangu mapajani. Nje niliiona ndege yetu inatiwa mafuta.

"Bwana," akasema, "umeandika una kifafa. Una ugonjwa wa moyo. Unatumia mtungi wa oksijeni." Akageuza macho kwa mke wangu, kisha kwangu. "Na una mimba."

Mke wangu akajifunika mtandio mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. "Ya miezi mingapi?" akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Na mbona hukuniambia?"

Sikucheka. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda mfukoni, na sentensi ya miwani iko tayari ulimini. Lakini miwani ilikuwa puani. Niliivaa kutazama ile ndege.

Nikasema kwa Kiingereza, polepole, "Sijui kusoma vizuri. Sikuelewa maswali."

Nilingoja uso wa daktari ubadilike. Akampa mke wangu fomu mpya na kalamu. "Msomee, Mama."

Mke wangu akasoma moja moja, sauti ya chini, hakunitania tena. Moyo? Siyo. Kifafa? Siyo. Akafika swali moja, akasita. "Una maumivu ya magoti au nyonga?"

Hilo ndilo pekee nililokuwa nimelijibu sawa. Siyo ilikuwa karibu sana mdomoni.

"Ndiyo," nikasema. "La kulia."

Daktari akanipandisha na kunishusha ngazi za basi la kutupeleka pwani mara tatu. Mara ya tatu nilishika chuma na sikuona haya. Akasema matembezi marefu ya nchi kavu nisahau, nitabaki kwenye boti. Kisha akasaini.

Kwenye maji baharia akanishika mkono kwa juu, karibu na kiwiko, akagusa sarafu, akashangaa, hakuniachia. Goti likalia nilipokanyaga ngazi ya meli. Mke wangu yuko nyuma, kiganja mgongoni kwangu, anasukuma kama anaingiza kabati mlangoni.

Tukaingia. Korido nyembamba, joto, na nyuma ya ukuta nikasikia chumba chao cha baridi kinanguruma. Nikasimama. Nikaweka sikio.

"Beringi ya feni imechoka," nikasema. "Haimalizi mwezi."

"Nyamaza," akasema mke wangu, "watatushusha."