Mkono Begani kwa Kukhu

Nikikudanganya katika haya, picha zangu zote na zififie nibaki na karatasi tupu. Anayenijua nilivyo na wazimu wa picha anajua hicho si kiapo cha mchezo. Sikusimuliwa na mtu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, nikamkaribisha, nikammiminia chai. Tena ilikuwa mchana wa Jumamosi, jua linawaka, watoto wanapiga kelele chini kwenye maegesho. Kwa hivyo usinitafutie giza wala paka mweusi.

Kwanza ujue tunachofanya. Tuko wanawake wachache tunaokutana kwa Bi Rukia, mtaa wa Kilimani hapa Nairobi, kutengeneza albamu za familia. Sisemi zile za kuchomeka picha kwenye plastiki ukafunga. Hapa unachukua ukurasa mkubwa, unapanga picha, unakata karatasi za rangi, unabandika utepe, kipande cha leso, tiketi ya treni, kisha unaandika maneno machache kwa mkono wako. Ukurasa mmoja unaweza kula wiki nzima. Mume wangu husema huo ni mchezo wa watoto wa nasari waliozeeka. Mwache aseme. Ukurasa wa harusi yetu ndio anaowaonyesha wageni kabla hata hawajapewa maji.

Tuna sheria moja. Ukimaliza ukurasa unauinua mbele ya wenzako, na unamtaja kwa jina kila mtu aliyemo, kuanzia kushoto. Bi Rukia ndiye aliyeileta. Ni mama wa Kipwani, karani mstaafu, na hana mchezo. "Mimi sitaki sura nisiyoijua jina ndani ya nyumba yangu," husema. Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nyanya yangu, sisi humwita Kukhu, kama wanavyoitwa nyanya wote kwetu Bungoma. Alikuwa akiishi na mama mtaa wa Mountain View, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Mama alikuwa akimwogesha, Kukhu anamuuliza, "Wewe dada, umeandikwa kazi na nani?" Mama anacheka, halafu anaingia jikoni kulia. Unajua inavyouma mama yako mzazi akikuita dada wa kazi? Nikajiambia nitamtengenezea Kukhu albamu. Labda akiziona sura za zamani angemjua mwanawe tena, hata kwa siku moja, kabla hajatuacha.

Picha ya miaka hiyo ilikuwa moja tu, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Krismasi kwenye bustani mjini. Kukhu, msichana kabisa, amekaa kwenye benchi. Mama ni mtoto mchanga mapajani mwake. Babu amesimama kushoto, kifua mbele. Na kulia, ukingoni, amesimama mwanamke mwembamba mwenye gauni la madoadoa, mkono wake wa kulia ukiwa begani kwa Kukhu.

Ni nani huyo? Mama hakumjua. Babu tulishamzika. Nilipomuuliza Kukhu, aliniuliza kama mvua imenyesha. Sasa ningeinuaje ukurasa niseme huyu simjui? Nikajipa jibu rahisi, kwamba ni mpita njia aliyetaka kuonekana kwenye picha ya watu. Nikashika makasi nikamkata. Ndiyo, picha yenyewe, maana nakala ilitoka sura zote zimekuwa masizi. Mkono sikuukata kwa sababu ungeondoka na bega la Kukhu. Nikaacha vidole pale begani, ukitazama haraka unadhani ni pambo la gauni. Kile kipande nikakitia kwenye kapu la mabaki. Kwa Bi Rukia mabaki hayatupwi. Anayekuja bila picha hupewa kapu hilo atengenezee ukurasa wake.

Wenzangu waliupigia ukurasa wangu makofi. Nikaupeleka Mountain View nikiwa na furaha kubwa.

Kukhu aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye vile vidole. "Mwenye mkono yuko wapi?"

Nikacheka, nikasema ni pambo tu. Hakucheka. Jioni mama alipomletea uji, akausukuma kando. "Siwezi kula kabla yake. Hajafika." Kesho yake vilevile. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Tulibembeleza, tukaomba, tukaita daktari, akasema ugonjwa huo huenda hivyo. Kukhu alikuwa anaisha mbele ya macho yetu huku kidole kiko pale pale kwenye picha. Jumamosi ilipofika mama alinitazama kwa macho mekundu. "Ulimletea nini mama yangu? Hebu toka kidogo, niache nipumue." Nikaenda Kilimani kwa kukosa pa kwenda.

Hata sijakaa vizuri, hodi. Nikafungua. Alikuwa dada mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka mingi, amevaa gauni la njano la madoadoa meusi lenye mshono wa zamani, limepigwa pasi likanyooka. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya leso.

"Hujambo, mtoto wangu," akaniambia.

Achieng', mwenzetu kijana anayefanya kazi ofisini, akaninong'oneza, "Mtoto wake aje? Si wewe ndio unaweza kuwa mathe yake?"

Mgeni alisema hana picha. Bi Rukia akampa kapu, kama kawaida yetu.

Sasa niamini ninapokwambia, sijaona mtu akifanya kazi ile namna ile, na sidhani nitaona tena. Alitumia mkono wa kushoto peke yake. Karatasi aliigandamiza kwa kiwiko, akachana bila rula, bila penseli, na kila kilichochanika kilikuwa jani, au ua, au mguu wa benchi. Mabaki yetu tuliyoyadharau yakapata kazi. Anga la picha ya Achieng' likawa anga lake. Ukuta wa msikiti kutoka picha ya Bi Rukia ukawa njia ya bustani. Tuliacha kazi zetu tukabaki kumtazama. Nilisahau njaa ya Kukhu, Mungu anisamehe, kwa uzuri niliokuwa nikiuona.

"Wueh! Huyu ni moto," Achieng' akasema, na kwa mara ya kwanza simu yake isiyombanduka mkononi ilikuwa mezani.

Nikainuka kummiminia chai. Leso ikateleza. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo. Hakukuwa na kovu wala kidonda. Ulikuwa umekatika sawasawa, na pale ulipokatikia palikuwa peupe kama ukingo wa karatasi.

Nikaendelea kumimina hadi chai ikafurika kwenye kisahani. Yeye akajifunika leso taratibu, bila hasira, akauinua ukurasa wake.

Ilikuwa bustani. Ilikuwa na benchi, na katikati ya benchi ameacha nafasi tupu. Ukingoni kulia alikuwa amebandika kile kipande changu, mwanamke wa madoadoa asiye na mkono.

"Haya mwanangu, tutajie," Bi Rukia akasema. Hakuwa ameona nilichoona mimi.

"Huyu ni mimi. Jina langu analo dada yangu." Akanigeukia. "Hao wengine unao wewe. Mpelekee. Mwambie nimefika, ale."

Akautia ukurasa mikononi mwangu, akatoka. Achieng' alimkimbilia amwombe namba ya simu. Ngazi zilikuwa tupu, lifti haikufanya kazi siku hiyo, na askari wa getini akaapa kwamba hakumwona mtu akitoka.

Sijui nilifikaje Mountain View. Nilichukua teksi, na njia nzima Waiyaki Way niliukumbatia ukurasa ule kama mtoto mgonjwa. Nikaing'oa picha kwenye ukurasa wangu, nikaiweka kwenye ile nafasi tupu. Ikaingia barabara. Mkono ukampata mwenyewe.

Kukhu akainama.

"Nekesa," akasema. "Mdogo wangu. Umechelewa sana leo." Kisha akamtazama mama yangu, akamtazama kweli, na kumshika shavu. "Nafula. Nekesa, ona huyu Nafula uliyekuwa unambeba mgongoni. Ona alivyokua."

Mama yangu hakuwa amesikia jina lake kwenye mdomo ule kwa muda mrefu mno. Alipiga magoti pale pale, akalia bila kujificha jikoni. Nami nikalia. Kukhu akatuuliza tunalia nini, na uji uko wapi.

Baadaye alitueleza kwa vipande vipande. Nekesa aliletwa Nairobi kumsaidia kulea mtoto. Alikuwa na mikono ya ajabu, alifuma, alishona, akapamba nyumba nzima kwa karatasi za dukani. Aliugua, na Krismasi iliyofuata haikumkuta. Kukhu hakuweza kumtaja tena kwa uchungu, na picha nyingine yake haikuwepo.

Asubuhi nilikwenda na gundi nishikize vizuri. Nikakuta hakuna cha kushikiza. Picha ilikuwa nzima. Nilipitisha ukucha mahali nilipokata, nikaitazama kwenye mwanga, nikampa mume wangu, aliyenileta, naye atafute. Hakuna alama. Mpaka leo hasemi tena habari za watoto wa nasari.

Kukhu ametuacha, ila jina la mama yangu halikumtoka tena hadi mwisho. Kwa Bi Rukia kapu la mabaki hupekuliwa kila Jumamosi, tukitafuta watu. Na mimi nikisogeza makasi karibu na sura yoyote, vidole vyangu vya kulia hufa ganzi.

Kwa hivyo wewe unayependa picha safi, isiyo na watu usiowajua ukingoni, nisikilize. Uliza kwanza. Na kama wa kukujibu hayupo, mwache mtu asimame pale aliposimama. Huenda kuna anayemngoja ndipo ale.