Aliyekata Stadi Ni Nani?

Katika gereji moja ya Nyamirambo, fundi aliirefusha spana kwa bomba, akalazimisha, na stadi ya injini, ile bolti isiyo na kichwa, ikakatika mbele ya macho yangu. Mwenye gari aliporudi, aliambiwa, “Mama, hii nimeikuta imekatika.”

Mama akampigia simu mwanawe, dereva wa gari lile, spika ikiwa wazi. “Umeniharibia gari ukanyamaza! Huna aibu?”

Kijana hakubisha. “Mama, unisamehe.”

Fundi, aliyekwisha kuchomelea nati juu ya kipande cha stadi kilichobaki ndani ili akitoe, aliacha kuzungusha. “Mama, ni mimi nimevunja. Leo hii.”

“Mwambie yeye,” mama akasema, akimnyoshea simu.

Fundi alipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Nami, shahidi pekee, nilikuwa nyuma ya gazeti, nikisoma kwa bidii ukurasa nisioukumbuka hata neno.