Maua ya Matango Yaliyochumwa Alfajiri

Mtaa mzima ulimwita Msusi, hata wale ambao hakuwahi kuwashika kichwa. Aliwasukia wateja sebuleni kwake, na wa mwisho akishaondoka yeye hutoka uani kwenda kutazama matango yake, kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji, kabla hata ya kufagia nywele. Na matango yale asikudanganye mtu kwamba aliyapanda kwa kubahatisha. Msimu uliopita alipanda aina mbili kwenye ukuta huohuo ili azilinganishe. Ya kwanza ilikuwa ya matango marefu, laini, yanayong'aa, ambayo muuza mbegu aliisifia mpaka mate yakamkauka: kila ua lake ni tango, wala halina haja na nyuki. Ya pili ilikuwa ya matango mafupi yenye vipele na ganda gumu. Marefu yalizaa kweli, lakini ukiyakata ni maji matupu, na yakilala usiku mmoja yamenywea. Mafupi yalivunjika mdomoni kwa mlio, na hayakuwa machungu hata pale karibu na kikonyo. Msusi akakata shauri, mafupi tu. Muuza mbegu akamwambia anajitafutia kazi. Akamjibu kwamba atakayekula ni yeye.

Basi msimu huu akapanda mafupi peke yake, akayafungia kamba yapande ukutani, akayatilia samadi, nayo yakatoa maua ya njano mpaka ukuta ukapendeza. Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kuwasalimia. Salamu zenyewe zilikuja na mabegi mawili na mto wa kulalia, kwa hiyo maliza mwenyewe.

Mama mkwe hakuwa mvivu, hilo tumpe. Alidamka kabla ya watu, akafagia uwanja, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Tatizo ni ule mdomo. Msusi na mumewe, fundi wa friji, walikuwa na miaka kadhaa ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe hakuacha mlo upite bila kuligusia jambo hilo kwa kuzungukazunguka. Alimtajia mwanawe binti wa shoga yake, jinsi alivyo na adabu, jinsi dada zake wote walivyozaa upesi. Hayo yote aliyasema Msusi akiwa palepale, anampakulia mboga. Fundi wa friji alikula ameinamia sahani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwanamume mzima, na koo lake linajua kazi moja tu ya kupitisha chakula.

Uani nako mambo yalikuwa mabaya. Vile vitango vidogo vilivyo nyuma ya maua viligeuka njano, vikasinyaa, vikadondoka. Msusi akaongeza maji, akayapunguza, akaongeza samadi, akaenda kumlaumu muuza mbegu akarudi amechekwa. Mama mkwe alimtazama anavyohangaika, kisha jioni moja, mbele ya wateja wawili, akasema kwa sauti ya huruma kwamba kuna mikono ambayo haikujaliwa, kila inachokigusa hakizai. Wateja wakatazama sakafu. Bahati ya mama mkwe ni kwamba mikono ya Msusi ilikuwa imejaa nywele za watu. Akaendelea kusuka, lakini kilichompanda kifuani jioni ile hakikushuka tena.

Asubuhi moja umeme ulikatika, feni ikasimama, na joto likamtoa kitandani mapema kuliko kawaida yake. Alipofungua mlango wa jikoni alimkuta mama mkwe ukutani, bakuli mkononi, anachuma maua moja baada ya jingine. Bakuli lilikuwa limejaa.

"Unafanya nini, mama?"

"Nakusaidia, mwanangu. Haya hayana kitango nyuma, hayazai. Yanakula mbolea bure. Kila siku alfajiri nayapunguza."

Kila siku, tangu alipofika, na Msusi anayetoka uani jioni tu alidhani yamenyauka na kudondoka yenyewe. Anachuma alfajiri, halafu jioni anasema juu ya mikono ya wenzake.

"Hayo ni madume, mama," alisema Msusi. "Nyuki akitoka humo ndipo anapopeleka unga kwenye haya yenye vitango. Umeyachuma madume yote, halafu unakaa sebuleni kwangu unayalaumu majike."

Mama mkwe akasema yeye hakujua, nia yake ilikuwa njema, watu wa siku hizi hawasaidiki. Huenda yangeishia hapo, lakini Msusi alikuwa amekwisha kufunguka.

"Mimi nimepimwa hospitali mara tatu," alisema. "Kila nikienda naambiwa sina shida, nimlete mume wangu. Mwanao hajatia mguu pale."

Fundi wa friji alikuwa ametokea mlangoni na mswaki mdomoni. Akautoa, akasema taratibu kwamba mambo ya chumbani hayasemwi uani.

"Yanasemwa tangu mama alipofika," Msusi akamwambia. "Tofauti ni kwamba leo nayasema mimi."

Mama mkwe hakumtazama tena Msusi. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Uliniambia ulipima," alisema. "Uliniambia daktari kasema wewe ni mzima, shida iko kwa mwenzako."

Fundi wa friji aligeukia tangi la maji kana kwamba limeharibika na yeye ameitwa kulitengeneza. Povu la dawa ya meno likamtiririka kidevuni. Ndipo Msusi alipoelewa. Siku zote alidhani mumewe ni mwoga tu, anashindwa kumnyamazisha mama yake. Kumbe maneno yale ya mezani aliyapika yeye mwenyewe, mama yake alikuwa anayapakua tu.

Mama mkwe akaliweka bakuli chini.

"Kavae shati," alimwambia mwanawe. "Tunakwenda sasa hivi."

Kisha akamgeukia Msusi, na kwa sauti ndogo, akamwomba awasindikize, kwa kuwa yeye ndiye anayepajua.

"Nendeni wenyewe, mama," alisema Msusi. "Mimi nilikwenda peke yangu."