Msalaba Kwenye Majina ya Mwanzo

Siku ya kwanza kazini, mkurugenzi wa studio yetu pale Makambako alinipa kompyuta moja na onyo moja. "Wewe umezoea vibao vya maduka. Hapa ukikosea jina, mtu anaaibika mbele ya ukumbi mzima." Nikacheka. Laiti ningejua!

Kazi yangu ilikuwa majina ya mwanzo, yale yanayopita kabla hadithi ya filamu haijaanza. Wenzangu walipenda herufi za kumetameta. Mimi niliandika kwa brashi kwenye karatasi, nikapiga picha, ndipo nikarenda, yaani kuiacha kompyuta ipike picha na maandishi viwe kitu kimoja. Watengenezaji filamu wa Njombe wote wakataka "yale ya brashi", nami kichwa kikavimba.

Ikaja filamu ya wakulima wa viazi. Mzee mmoja wa Makete, aliyeigiza babu, aliugua akalazwa. Mwongozaji akanipigia: "Nasikia mzee ametutoka. Mwekee msalaba." Kwetu jina la aliyefariki haliachwi hivihivi. Nikachora msalaba, nikaandika Marehemu, kwa mbwembwe kabisa, nikatuma kazi Njombe.

Siku ya uzinduzi namwona mzee anaingia ukumbini, kashikwa mkono na mkewe. Jamani! Nikamkimbilia fundi mitambo. "Zima! Zima!" Alikuwa ameshaanzisha. Jina likatokea, kubwa, mkono wangu kabisa. Mkewe akapiga ukunga. Mzee alilitazama mpaka likapita, kisha akauliza taratibu, "Nani ameniandika?"

Nikapiga magoti. "Ni mimi, baba. Nisamehe. Niliambiwa."

"Na namba yangu ya simu hukuwa nayo?"

Nilikuwa nayo.

Tangu hapo sikurenda jina la mtu kabla sijampigia nikasikia sauti yake. Asipopokea, nilipiga tena na tena mpaka apokee. Mkurugenzi alilalamika kwamba nachelewesha kazi. Nikamwambia anifukuze basi. Vijana niliowafundisha walinicheka weee, mwisho wakaiga.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Juzi alinipigia binti mmoja mbunifu wa Njombe. Wananiweka kwenye shukrani za filamu yao.

"Shikamoo, mzee. Nahakikisha tu."

"Marahaba, mwanangu. Nipo."

"Haya, mzee. Nimekusikia."

Nilitamani tuongee zaidi, maana siku hizi nakaa naogopa simu nitakayoshindwa kupokea. Lakini alikuwa na wengine wa kuwapigia.